Ndara za Kutokea Barazani

Tokuji alipokuja kuniomba niwafundishe wageni wake kusuka ndara za mabua, nilikuwa nakata figili za kukausha, na kisu sikukiweka chini. Alisimama nje ya mlango, kofia mkononi, mkoba mgongoni, na kile kibendera chake cha njano kimechomoza juu ya bega. Kibendera kile nakichukia kuliko nyani wanaoniibia maboga. Nyani akiiba anakimbia. Hasimami kuwaeleza wenzake historia ya boga.

"Shikamoo, shangazi."

Sikumwitikia. Mimi si shangazi yake wa damu, ila watoto wote wa ujirani wa juu walikua wakiniita hivyo, na yeye ndiye wa mwisho aliyebaki kuniita.

"Sema ulilonalo, Tokuji. Figili hazinisubiri."

Akasema. Kampuni kubwa ya utalii ya mjini ilikuwa inatafuta milima ya kuwapeleka watu wake kila wiki. Kupanda mlima peke yake hakuwatoshi siku hizi, wanataka na kazi ya mikono ya kienyeji, mgeni aondoke na kitu alichokitengeneza mwenyewe. Natsuko, mkewe, alikuwa ameshajaribu kuwafundisha wageni kusuka ndara, lakini ndara zake zilikuwa zinafumuka kabla watu hawajafika mtoni.

"Mkeo anasuka kama anafunga mzigo wa kuni," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimekuja kwako." Akacheka kidogo, mimi sikucheka. "Wiki ijayo wanamleta mkaguzi, shangazi. Wakitukubali, tunakaa. Wakitukataa, Natsuko amesema tunahamia kwa kaka yake mjini, na safari hii hatanii. Utabaki wewe na nyani."

"Nyani nimewazoea."

Lakini alishanichoma, maana alichosema kilikuwa kweli. Nyumba za ujirani wa juu zenye moshi zilikuwa mbili tu, yangu na yake. Mtu mwingine angesema, basi mama, mlainikie kidogo huyo jirani uliyebaki naye. Mtu huyo hajui alichonifanyia.

Acha niseme, nisije nikaonekana bibi mwenye roho mbaya ya uzee tu. Kwetu gari halifiki mlangoni. Mtu akifa, jeneza hutolewa kupitia barazani, ubavuni mwa nyumba, kwa sababu mlango ni wa walio hai. Wanaume wanne wa ujirani huvaa ndara mpya za mabua humo humo ndani, juu ya mkeka, wakashika kila mmoja kona yake, wakatoka moja kwa moja na kuteremka hadi njia panda, ambako gari la maiti linasubiri. Wakishalitua wanakata kamba za ndara kwa mundu na kuziacha pale pale, kifo kisiwafuate nyumbani. Ndiyo maana mtoto wa kwetu akijaribu kiatu kipya ndani ya nyumba hupigwa kibao kabla hajajua kosa lake. Na kama ni lazima akivae ndani, basi soli inapakwa masizi ya birika kwanza, ihesabike kuwa imeshatembea.

Mume wangu Eisaku alipofariki, ujirani wa juu ulikuwa na wanaume wanne kamili wenye nguvu za kubeba. Wa nne alikuwa Tokuji. Eisaku ndiye aliyemfundisha huyu mtu mlima wote: wapi mto unavukika, wapi dubu anakwangua magome, wapi uyoga wa kula na wapi wa kuua. Baba yake Tokuji alikuwa mtu wa chupa, na kila alichonacho kijana huyu kichwani, kile anachowauzia wageni kwa maneno matamu, alikipata akitembea nyuma ya mume wangu. Ndara za wabebaji nilizisuka mimi, pea nne, Eisaku akiwa bado anakoroma kwa shida chumba cha pili. Asubuhi ya mazishi Tokuji akatuma ujumbe kwamba ana kikundi kutoka Tokyo, wamepanga safari zamani, hawezi kuwaacha peke yao mlimani.

Kwetu hata nyumba iliyogombana na kijiji kizima, isiyosalimiwa na mtu, mambo mawili haiachwi nayo peke yake: moto na mazishi. Nami sikuwa nimegombana na mtu yeyote. Nilivaa ndara za Tokuji, zikanipwaya, nikashika kona ya Tokuji. Mke habebi jeneza la mumewe. Mke anafuata nyuma. Mimi nilibeba.

Hilo pia ningelimeza. Lakini nusu ya njia, kwenye mierezi, tukakutana nao. Kundi zima na majaketi ya rangi rangi, limejipanga pembeni kutupisha, na mbele yao Tokuji, bendera juu. Hakuishusha. Simu zikainuliwa. Nikamsikia kwa masikio yangu haya: "Mna bahati leo. Haya ni mazishi ya kienyeji, siku hizi ni nadra kuyaona. Tazameni miguuni, zile ndizo ndara za mabua." Watu wakanitazama miguuni. Macho yangu na ya Tokuji yakakutana, naye akayaondoa, akaendelea kueleza.

Tangu siku hiyo nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani. Tokuji avae ndara mpya juu ya mkeka wangu, atokee barazani kwangu, ateremke njia ile mpaka njia panda. Mambo ya kuniomba radhi sikuyataka, maneno anayo mengi mno. Nilitaka miguu yake. Na sasa alikuwa amesimama mlangoni kwangu akiniomba ndara.

"Watu wangapi?" nikamuuliza.

"Saba, na mkaguzi. Wanane."

"Tisa. Na wewe utavaa."

"Mimi nina buti zangu, shangazi."

"Kiongozi gani anawavisha wageni mabua halafu yeye anatembea na mpira? Au unaona aibu?"

"Sioni aibu. Nitavaa." Akainama mpaka kibendera kikagonga kizingiti. "Nilijua huna kinyongo moyoni."

"Moyo wangu uache ulipo. Niletee mabua mapya ya mpunga, marefu, yasiyonyeshewa."

Aliyaleta siku ile ile. Nikayanyunyizia maji, nikayaponda kwa nyundo ya mti juu ya jiwe mpaka yakalainika. Pea ya Tokuji niliisuka kabla ya siku yenyewe. Niliisuka vizuri kuliko pea yoyote niliyowahi kuisuka, kila mstari umebanwa kwa hasira.

Siku ya siku wakaja. Mkaguzi alikuwa binti mdogo, jina lake Asahina, miwani ya duara, tableti mkononi, na neno moja mdomoni: "Inapendeza!" Birika jeusi linaloning'inia juu ya meko linapendeza. Moshi unapendeza. Akaniangalia usoni, nikaona anataka kusema makunyanzi nayo yanapendeza, nikamtolea jicho akanyamaza. Wengine walikuwa watu wa mjini wa kawaida, wenye fimbo za kupandia mlima na chupa za maji zinazong'aa. Miongoni mwao alikuwepo daktari wa meno mstaafu aliyeitwa Kusumi, na mkewe, mwanamke mnene mwenye kucheka hovyo.

Nikawakalisha chini, miguu mbele, nikawafungia kamba kwenye vidole gumba vya miguu, maana mguu wa msukaji mwenyewe ndio kitanda cha kusukia. Ukiuachia ulegee, ndara yako italegea nayo.

"Vuta!" nikamwambia daktari. "Meno ya watu uling'oaje na mikono hii?"

"Nilikuwa nawapiga sindano kwanza, bibi."

"Hapa hakuna sindano. Vuta."

Wakacheka wote. Hilo ndilo lililonishangaza, kila nilivyowatukana ndivyo walivyofurahi. Nilimwambia mama mmoja ndara yake inafanana na kiota kilichoporwa, akaipiga picha. Nilimwambia kijana wa jaketi la zambarau kwamba vile vitanzi vya pembeni tunaviita matiti, na kwamba yeye ameipa ndara yake matiti matatu, aizalishe kabisa. Asahina alikuwa anaandika kwenye tableti yake mbio mbio. Nikamwona anamnong'oneza Tokuji, "Huyu bibi ni hazina," na Tokuji anaitikia kwa kichwa na kutabasamu, jasho likimtoka.

"Mimi ni hazina tangu lini?" nikamuuliza Tokuji. "Jana nilikuwa bibi wa nyani."

"Shangazi anapenda utani," akawaambia.

Wakati yeye ametoka uani kupanga mabegi, wageni walianza kumaliza. Kila aliyemaliza nilimwambia aniletee niikaze. Nilikuwa naikaza, halafu naipeleka chini ya birika na kuisugua soli kwenye masizi mpaka inakuwa nyeusi.

"Ya nini hiyo, bibi?" mke wa daktari akauliza.

"Usiteleze."

Nina hasira, lakini si mwendawazimu. Watu wale hawakuwa wamenikosea chochote zaidi ya kelele. Nilipaka pea zote nane, soli kwa soli. Pea ya Tokuji niliiacha safi.

"Sasa vaeni," nikawaambia.

"Hapa hapa juu ya mkeka?" daktari akauliza. Alikuwa na umri wa kutosha kujua, kama mama yake angekuwa wa kijijini. Hakujua.

"Hapa hapa. Na mtatokea barazani."

Tokuji aliingia wakati wanafunga kamba za mwisho. Akawakuta wanane wamesimama juu ya mkeka na ndara mpya miguuni, wanarukaruka kuzijaribu, wamegeukia baraza, milango ya karatasi imefunguliwa wazi kama siku ile. Nilimwona uso ukimpauka. Hakuuliza wanafanya nini. Alijua. Nikaiweka pea yake mbele yake, vidole vikielekea nje.

Akaja karibu yangu, sauti chini. "Shangazi. Unafanya nini?"

"Nawatoa wageni wako."

"Si hivi. Waambie wavue. Tafadhali."

"Vaa, Tokuji. Hizi ni zako. Za kwanza ulizikosa."

"Leo? Umeichagua siku ya leo?"

"Nawe uliichagua siku yangu."

"Kuna tatizo?" Asahina akauliza. Chumba kizima kikatugeukia.

Nilingoja. Nilikuwa nimeipima kila njia ambayo angeweza kuifuata. Angeweza kuwavua wageni ndara kwa aibu, angeweza kukimbia, angeweza kunipigia magoti. Moja tu sikuifikiria. Nililiona tabasamu lake linarudi taratibu, mdomo kwanza, mashavu baadaye, macho yakabaki yalivyokuwa.

"Hakuna tatizo kabisa!" akasema, akapiga makofi. "Nilikuwa naomba ruhusa kwa shangazi niwaelezee. Hii ni mila ya hapa kwetu tangu zamani. Mtu anayepanda mlima huvaa ndara mpya ndani ya nyumba na kutokea barazani. Ni kuomba baraka za mlima."

"Inapendeza!" akasema Asahina. "Tutaiweka kwenye kila safari!"

Wakampigia makofi. Nami nimesimama pale na mdomo wazi, hazina ya kijiji. Hasira niliyoitunza miaka yote ile alikuwa ameipokea mikononi mwangu na kuigeuza bidhaa, ndani ya pumzi moja. Kila wiki! Kila wiki watu watakuwa wanatolewa barazani kwangu kama maiti, wakipigana picha. Nilitamani kumponda na ile nyundo ya mabua.

Lakini akakaa chini akavaa. Hakuwa na jinsi, kila mtu alikuwa anamtazama. Nikaangalia vidole vyake vikifunga kamba, vikakosea, vikafunga tena. Akasimama, akavuka baraza, mguu wa kulia kwanza, akakanyaga ardhi. Akanyanyua bendera. Nikachukua mundu wangu ukutani nikawafuata nyuma.

Aliwaeleza kila kitu njiani siku ile. Hili ni jani la nini, ule ni mlio wa ndege gani, pale dubu alikwangua gome. Alicheka kwa sauti kubwa mno kwa vichekesho vya daktari. Mimi nilikuwa naitazama migongo yao na kuikumbuka njia kwa magoti yangu, kona hii ndipo jeneza liliinama upande wangu, jiwe hili ndipo nilipojikwaa na mzee wa mbele akanifokea nishike sawasawa, halafu akakumbuka anamfokea nani akaniomba radhi. Tulipofika kwenye mierezi Tokuji akanyamaza. Akaongeza mwendo.

"Na hapa?" Asahina akauliza, tableti tayari. "Pazuri sana. Pana hadithi yoyote?"

"Hapana," akasema Tokuji. "Ni miti tu."

Njia panda ipo chini kidogo ya hapo, penye jiwe lililochongwa sura ya mlinzi wa njia, lenye kitambaa chekundu shingoni. Gari lao dogo lilikuwa linasubiri upande wa pili wa barabara. Wakapiga picha pamoja, wakakaa kwenye nyasi, wakafungua ndara na kuvaa viatu vyao. Kisha wakaanza kuzifunga ndara kwenye mabegi.

"Mimi zangu najua pa kuzitundika," alisema daktari Kusumi. "Mjukuu wetu amezaliwa juzi juzi. Juu ya kitanda chake."

"Baraka za mlima!" akasema mkewe.

Tokuji alikuwa anakunywa maji. Akaishusha chupa. Akanitazama, mimi nimesimama karibu na lile jiwe na mundu wangu. Akanijia.

"Shangazi, waambie waziache."

"Niwaambie nini? Mwenye maneno ni wewe."

"Wanaondoka nazo. Wanaenda nazo nyumbani kwao."

"Naona."

"Kuna mtoto mchanga, shangazi!"

"Si umesema ni baraka? Mwache mtoto abarikiwe."

Alinitazama kama hanijui. Yeye hakuwa ameyaona masizi. Ningeweza kumwambia kwa neno moja, wageni wakaenda zao salama na ndara zao, mkaguzi akaenda na mila yake, Tokuji akapata kazi yake, na mimi nikapata jirani. Neno lilikuwa mdomoni. Nikalibana kwa meno. Nilitaka kuona atafanya nini mtu huyu, akiwa peke yake na kile anachokijua.

Daktari akaanza kuelekea kwenye gari, ndara zikining'inia mgongoni.

"Ngojeni!" Tokuji akasema. Akaikunja bendera, akaivingirisha kwenye kijiti chake, akaitia mkobani, nami sikuwahi kumwona akifanya hivyo mbele ya wageni. "Naomba mziache ndara hapa. Zote."

"Kwa nini?" Asahina akauliza, bado anatabasamu. "Nayo ni mila?"

"Ni mila. Ile niliyowaambia ni uongo. Kwetu wanaovaa ndara mpya ndani na kutokea barazani ni wale wanaobeba maiti. Wakifika hapa wanaziacha, wasirudi na kifo nyumbani. Nyinyi hamna kosa lolote, na bibi huyu ana haki yake. Mume wake alitolewa kwenye baraza ile. Alinilea. Kona ya nne ya jeneza lake ilikuwa yangu, na mimi nilikuwa pale juu kwenye miti, na watu kama nyinyi, nawaonyesha jeneza lake."

Mke wa daktari akazivuta zile ndara mgongoni mwa mumewe, akazirusha majanini kama kashika nyoka, akafuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena. Kijana wa jaketi la zambarau akasema, "Mmetuvisha viatu vya maiti?" Mama wa kiota alikuwa analia. Moja baada ya nyingine ndara zikaanguka kwenye nyasi, na watu wakaingia garini bila kuagana. Asahina ndiye alikuwa wa mwisho. Alikuwa amefunga tableti, ameikumbatia kifuani.

"Asante kwa siku ya leo," akamwambia Tokuji, akainama kwa adabu zote. "Tutalifikiria."

Sisi sote tuliozaliwa nchi hii tunajua maana ya tutalifikiria. Tokuji akainama vile vile. Alibaki ameinama mpaka gari likapotea.

Kisha akaanza kuziokota zile ndara, ili azikate moja moja. Ya kwanza aliigeuza. Akaigeuza ya pili. Akakaa kitako pale kwenye nyasi akazigeuza zote, mikono yake ikawa myeusi.

"Ulizipaka masizi."

"Nilizipaka."

"Zote?"

"Isipokuwa zako."

"Basi mtoto wa watu hakuwa na hatari yoyote. Nilikuwa nahangaika na roho yangu pale na wewe unaniangalia. Ungeweza kunizuia."

"Ningeweza."

Akasimama. Nilidhani atanipiga, na mundu niliushika vizuri. "Umenimaliza!" akanipigia kelele. "Umefurahi sasa? Natsuko atafunga mizigo kesho! Utakaa huko juu peke yako, utakufa peke yako, wala hutapata hata mtu mmoja wa kukushika kona! Si wanne, hata mmoja!"

"Hama," nikamwambia. "Nenda kashike bendera mjini."

"Wewe mwanamke ni mbaya."

"Ni mbaya. Sikuwa hivi nilipokuwa nakupikia uji."

Akanyoosha mkono, nami nikampa mundu, sijui kwa nini nilimwamini nao. Akainama, akakata kamba ya mguu wa kulia, akakata ya kushoto. Akazivua zile ndara nzuri kuliko zote nilizowahi kusuka, akaziweka chini ya jiwe la mlinzi wa njia, zimeelekea bondeni. Akabaki na soksi kwenye nyasi yenye umande, mtu mzima mwenye mvi masikioni.

"Alikuwa mzito?" akauliza, hanitazami.

Nilitaka kumdanganya. Nilitaka kumwambia kwamba Eisaku alikuwa mzito kama jiwe la kusagia, kwamba bega langu halijapona mpaka leo.

"Hakuwa mzito," nikasema. "Ugonjwa ulikuwa umemla wote. Ungemshika kwa mkono mmoja, na ule mwingine ukashikia bendera yako."

Tokuji akakaa chini akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, makamasi yakimtoka, masizi ya mikononi akijipaka usoni. Sikumbembeleza. Nilikaa juu ya jiwe upande wa pili wa njia nikamwangalia mpaka akamaliza, maana mimi mwenyewe siku ile sikupata kulia. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika jeneza, na machozi yangekuja nisingekuwa na cha kuyafutia.